NANI YUKO NDANI YA «SISI»?
(Mawazo juu ya hotuba ya Patrice Lumumba ya tarehe 30 Juni 1960)



Kila mwaka, tarehe 17 Januari na tarehe 30 Juni zikikaribia, jina la Lumumba linarudi mu kinywa cha kila mutu. Wengine kati yetu wanashika hotuba yake kwa kichwa, wanasimama mbele ya darasa na kuisema kwa sauti kubwa, wenzao wanapiga mikono. Ni vizuri. Lakini ukiwauliza: «Juu ya nini hotuba ile ina nguvu?», wengi wanajibu: «Juu alimutukana mufalme mbele ya macho yake.»

Sisi tuliopewa kazi ya kusimamia wanafunzi wenzetu tunaona jibu lile halitoshi. Kama nguvu ya hotuba inatoka mu matusi, basi kila mulevi wa barabarani angekuwa Lumumba. Tena jibu lile ni hatari, maana linatufundisha kwamba ukitaka kupendwa na watu, tafuta mutu wa kutukana. Njo maana tunaandika mistari hii. Tunataka kuonyesha hotuba ile inafanya kazi namna gani, na tuipime pamoja na hotuba zingine ambazo muji wetu ulizisikia na ambazo zilituletea machozi.

Tukumbuke kwanza mambo yenyewe. Siku ile, mu Palais de la Nation pale Léopoldville (leo Kinshasa), walisema watu watatu. Wa kwanza alikuwa Baudouin, mufalme wa Ubelgiji. Alimusifu Léopold II, akasema uhuru wa Kongo ni mwisho wa kazi ile Léopold II alianzisha, tena akawapa Wakongo mashauri kama baba anayemushauri mutoto anayetoka nyumbani. Wa pili alikuwa Rais Joseph Kasa-Vubu, aliyesema kwa upole. Kisha akasimama Patrice Lumumba, Waziri wa kwanza, mwenye miaka 34. Yeye hakuwekwa mu programu kama musemaji. Alisema kwa Kifaransa, redio ikachukua sauti yake, na mara nyingi watu walimukatiza kwa makofi.

Zamani sana, miaka zaidi ya 2300 iliyopita, mwenye hekima wa Ugiriki aliyeitwa Aristote alifundisha kwamba anayetaka kuvuta watu kwa maneno ana njia tatu. Ya kwanza, watu wamuamini yeye mwenyewe. Ya pili, mioyo yao iguswe. Ya tatu, akili zao zikubali. Tutafuata njia hizo tatu, moja moja.

1. MUSEMAJI MWENYEWE

Mutu yeyote angeweza kusema kwamba ukoloni ulikuwa mubaya. Lakini Lumumba alikuwa ameonja. Mwezi wa Januari wa mwaka ule ule wa 1960 alikuwa bado mufungwa, tena hapa karibu na sisi, mu gereza la Jadotville, muji unaoitwa leo Likasi. Walimutoa mule ili aende Bruxelles, ku mukutano wa Meza ya Duara. Miezi mitano tu ikapita, naye akasimama mbele ya mufalme kama Waziri wa kwanza. Aliposema juu ya magereza, kila Mukongo alijua kwamba hakusoma habari ile mu kitabu.

Angalieni tena alianza na nani. Desturi ya siku kama ile ni kumutaja mufalme kwanza, kisha wakubwa wengine kufuata cheo. Lumumba aliwageukia Wakongo, wanaume na wanawake, akawaita wapiganaji wa uhuru walioshinda. Kwa neno lile la kwanza, mambo yote yakageuka. Mu hotuba ya mufalme, Wakongo walikuwa «ninyi», watoto wanaopewa zawadi. Mu hotuba ya Lumumba, wale watoto wakawa wenye nyumba, na mufalme akawa mugeni anayesikiliza mazungumzo ya wenye nyumba. Kufika hapo hakuna tusi lililotoka. Alibadilisha tu mutu wa kuambiwa.

2. MOYO

Katikati ya hotuba kuko orodha ya mateso, na karibu kila sehemu inaanza na maneno yale yale: tumejua hiki, tumejua kile. Tumejua kazi ya kuchosha kwa mushahara usiotosha kula wala kuvaa. Tumejua matusi na fimbo asubuhi, mchana na mangaribi. Anayerudia mwanzo mumoja vile anafanya kama mupiga ngoma: pigo la tatu likifika, mwili wako unangojea la nne. Tena ni rahisi kushika. Siku ile Wakongo wengi hawakujua Kifaransa. Maneno yalitembea kutoka kinywa mpaka kinywa, kwa Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Maneno yaliyopangwa kama wimbo hayapotei haraka mu safari.

Lakini jambo linalotushangaza zaidi ni kwamba katikati ya mambo makubwa, magereza na risasi, aliweka jambo dogo sana: neno «tu». Kifaransa kina «tu» kwa mutoto ao rafiki, na «vous» kwa mutu wa heshima. Alikumbusha kwamba Mweusi aliambiwa «tu», na si kwa sababu ya urafiki. «Vous» ya heshima iliwekwa kwa Wazungu tu. Juu ya nini alihesabu jambo dogo vile? Kwa sababu si kila mutu aliingia gerezani, lakini kila mutu, kuanzia muboyi wa nyumbani mpaka karani mwenye karavati, aliambiwa «tu». Hapa kwetu pia huwezi kumwambia muzee «weye» kavu. Unatanguliza «papa» ao «mama». Mutu anaweza kusahau kofi alilopigwa, lakini kudharauliwa mbele ya watoto wake hakusahau. Lumumba aligusa kidonda kile ambacho kila mumoja alikuwa nacho.

3. AKILI

Wengine wanafikiri kwamba ukigusa moyo umemaliza kazi. Lumumba hakufikiri vile. Kila sehemu ya orodha yake ni jambo ambalo musikilizaji aliweza kulipima mu maisha yake. Alisema ardhi ilichukuliwa kwa maandiko yaliyoitwa sheria, na kwamba sheria ya Muzungu haikuwa sheria ya Mweusi. Alisema mujini kuko nyumba nzuri za Wazungu na vibanda vya Weusi, na Mweusi haingii mu sinema wala mu restora ya Wazungu. Alisema mu mashua Mweusi anasafiri chini, miguuni pa Muzungu aliye mu chumba chake kizuri.

Tuje hapa kwetu. Wazee wa Elisabethville walihitaji muhadhiri wa kuwaonyesha? Walijua kwamba muji wa Wazungu ulitengwa na cité ya Weusi, ile cité Albert inayoitwa leo Kamalondo, na kati yao kiwanja kitupu kiliachwa kwa kusudi. Walikumbuka tarehe 9 Desemba 1941, wakati wafanya kazi wa Union Minière waliogoma juu ya mushahara walipigwa risasi na askari, wengi wakafa. Lumumba aliposema juu ya risasi, Lubumbashi ilikuwa na makaburi yake.

Kwa hiyo orodha yake ilikuwa pia kama karatasi ya mushahidi mu tribinali. Na miaka 62 nyuma, jibu lilifika. Mu mwezi wa Juni 2022 mufalme Philippe, ambaye Baudouin alikuwa ndugu ya baba yake, alikuja Kongo. Pale Kinshasa alisema mwenyewe kwamba utawala ule ulikuwa wa ubaguzi na wa kudharau watu, akaonyesha masikitiko yake. Kisha akafika hapa Lubumbashi na kusema na wanafunzi wa Université. Jambo lililoitwa matusi mu 1960, mutu wa jamaa ile ile alilikubali mu 2022. Tusi halikomai vile. Ni ukweli njo unakomaa.

NENO «SISI»

Sasa tunafika pa wazo letu kubwa. Njia zile tatu ni vyombo tu, kama kisu: kinakata mukate, kinakata na mutu. Mwongo pia anaweza kupanga maneno kama ngoma, mubaya pia anaweza kugusa kidonda. Basi tutatenganisha hotuba nzuri na hotuba mbaya namna gani? Tunasema: tuangalie «sisi».

Mu Kiswahili, «sisi» inajificha ndani ya kitendo: tumejua, tutafanya, tusahau. Haupati hata nafasi ya kuuliza: «Sisi nani?» Unasikia «tu-», na umekwisha kuingia. Njo mulango ambao kila musemaji anapitia.

Hotuba ya Lumumba ina «sisi» ya namna tatu, moja nyuma ya ingine. Ya kwanza ni tume-: mateso tuliyoyapita. Ya pili ni tuta-: tutaonyesha dunia Mweusi anaweza nini akifanya kazi mu uhuru, tutatengeneza upya sheria za zamani, tutaleta amani isiyotoka mu bunduki bali mu moyo. Ya tatu ni maombi: aliomba wote wasahau magomvi ya makabila, alikubali kuwe na upinzani wenye kujenga mu bunge, aliomba watu waheshimu maisha na mali ya wenzao na ya wageni pia. Mugeni akikaa vizuri, aachwe na amani; akikaa vibaya, sheria imutoe.

Hili la mwisho wengi wanaporuka wakisema hotuba kwa kichwa, maana halileti makofi. Lakini ni mufupa wa hotuba yote. Wanafunzi wa shule ya Protestanti wanapaswa kuutambua haraka. Mu kitabu cha Kumbukumbu la Torati, Musa anawarudisha Waisraeli mara nyingi ku utumwa wa Misri. Je, ni kusudi walipize kisasi? Hapana. Ni kusudi wasimuonee mugeni aliye kati yao, maana wao wenyewe wanajua uchungu wa kuwa mugeni. Kukumbuka uchungu kunaweza kuzaa haki, kunaweza pia kuzaa uonevu mupya. Yote inategemea musemaji anaupeleka uchungu ule wapi.

WALE WANAOKATAA

Kuko watu hapa mujini watakaotuambia: «Watoto, hotuba ile ilimuua. Angenyamaza, angeishi.» Tunawaheshimu, maana Katanga haikupiga makofi kwa mukono mumoja. Balubakat ya Jason Sendwe ilikuwa upande wa Lumumba, Conakat ya Moïse Tshombe ilikuwa upande mwingine. Lumumba na Tshombe wote wawili walipita mu shule za misioni ya Wametodisti, lakini «sisi» ya mumoja haikumuingiza mwingine. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Tarehe 17 Januari 1961 ndege ilimuleta Lumumba pale Luano, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Usiku ule ule walipigwa risasi mu pori, upande wa Shilatembo, mbele ya wakubwa wa Katanga na Wabelgiji. Tunaandika haya kwa huzuni, maana ni mu udongo wetu.

Lakini tupime vizuri. Siku ile ile ya 30 Juni, wakati wa chakula, Lumumba alisema mara ya pili. Wabelgiji walikuwa wamekasirika, karibu mufalme arudi kwao. Basi alisoma maneno matamu ya kusifu Ubelgiji na mufalme. Nani kati yetu anajua hotuba ile ya pili? Hakuna anayeishika kwa kichwa, na haikumuokoa hata siku moja.

Tena tuangalie nani aliwasha moto. Siku chache nyuma ya uhuru, Jenerali Janssens, Mubelgiji mukubwa wa Force Publique, aliandika ubaoni mbele ya askari kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na nyuma ya uhuru. Mu jeshi lile hakukuwa hata ofisa mumoja Mweusi. Ile pia ni hotuba, tena fupi kuliko zote, na «sisi» haikuwamo: askari Mweusi aliambiwa kwamba hana nafasi. Tarehe 5 Julai maasi yalianza.

Hata hivyo hatusemi hotuba ya Lumumba haina kilema. «Tutafanya» yake ilikuwa kubwa kuliko mikono aliyokuwa nayo. Maofisa hakuna, wenye kumaliza université wachache sana, sanduku la serikali nyepesi. Musemaji anayeamsha tumaini anachukua deni, na watu wanakuja kudai haraka. Tena aliwaomba watu wasahau magomvi ya makabila kwa maneno machache tu, wakati ugomvi ulikuwa umeingia tayari mu vyama vya politiki. Kwetu hapa Katanga, kipande kile njo kilihitaji ngoma ndefu.

«SISI» INAYOFUKUZA

Sasa tukumbuke hotuba zingine. Mu mwaka wa 1992, wakati mukoa wetu uliitwa Shaba na gavana alikuwa Kyungu wa Kumwanza, watu wa asili ya Kasai waliitwa «bilulu», maana yake wadudu, mu mikutano ya politiki. Angalieni vyombo: ni vile vile. Uchungu wa kweli ulikuwako: mishahara ilipotea, kazi ilipungua, watu waliona mali ya Katanga inatoka na wenyeji wanabaki na njaa. Maneno yalirudiwa kama ngoma. «Sisi» ilisikika kila mara. Ila uchungu ule haukupelekwa ku sheria wala ku kazi. Ulipelekwa ku mulango wa jirani.

Matokeo tunayajua. Mu 1992 na 1993, hapa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, maelfu na maelfu ya watu walifukuzwa mu nyumba zao. Wengi walizaliwa hapa, baba zao waliletwa na Union Minière kufanya kazi ya migodi. Walilala gari la moshi likichelewa, kando ya stasio, mu mvua na magonjwa, na wengi walizikwa kule kule ama njiani. Mutu hafukuzi jirani yake kwa siku moja. Kwanza anasikia neno linalomugeuza jirani kuwa mududu. Mududu hahitaji haki, anakanyagwa tu.

Njo tofauti tunayotaka ishikwe. Lumumba, mbele ya mufalme aliyekuwa na nguvu, alisema mateso yaliyofanywa na wenye nguvu, kisha akaomba hata mugeni alindwe. Wale wa 1992 walisema uchungu wao juu ya jirani asiye na nguvu, kisha wakamutoa mu hesabu ya watu. Sauti zinaweza kufanana, makofi yanaweza kufanana. «Sisi» njo haifanani.

TUFANYE NINI?

Ndugu zetu, jambo hili si la wazee wala la mitiani tu. Ku masomo yetu hapa Karavia, pa banki moja wanakaa mutoto wa Muluba wa Katanga, wa Mulunda, wa Mubemba, wa Musanga, wa Mukasai, na wa baba aliyetoka Kivu kukimbia vita. Wakati wa kuchagua wakubwa wa darasa tumesikia maneno haya: «Tusikubali hawa watutawale.» Ni maneno madogo ya watoto, lakini ni mbegu ya muti tunaoujua. Na siku hizi sauti zinapita mu telefone. Hauoni hata uso wa anayesema, unapokea, unatuma kwa wengine.

Basi tunawaomba kila mara mutu anaposimama kusema, awe mwanapolitiki, muhubiri, ao mwanafunzi anayetafuta kura, mujiulize maulizo matatu:

Kwanza: mambo anayosema, naweza kuyapima mimi mwenyewe, ao anataka nilie tu?

Pili: anaposema «sisi», nani anabaki inje? Na yule anayebaki inje, anaitwa bado mutu?

Tatu: nikitoka hapa, ananiomba kufanya nini? Kazi, ao kutupa mawe?

Hotuba inayojibu vizuri maulizo yote matatu, tuipigie mikono hata ikitoka kwa mutu tusiyemupenda. Hotuba inayoshindwa, tusiipigie mikono hata kama musemaji ni ndugu ya baba yetu.

Tarehe 30 Juni 2022, jino moja, njo kitu pekee kilichobaki cha mwili wa Lumumba, lilizikwa Kinshasa. Mbele ya kuzikwa, sanduku lake lilizungushwa mu inchi, likapita hapa Lubumbashi na Shilatembo. Hivi vilio vya Katanga na vya Kasai vilikutana juu ya sanduku moja. Aliomba Wakongo wafundishe watoto wao tarehe ya 30 Juni 1960, na watoto wafundishe wajukuu. Sisi ni wale wajukuu. Tusiishike tu mu kichwa kama shairi la mutiani. Tuanze na ile sehemu isiyoleta makofi, ile ya kumuheshimu mugeni na kusahau kabila, tuifanye kwanza pa banki yetu.

Mungu abariki masomo yetu.

Kapita wa wanafunzi,
darasa la sita